Kabla hatujakupa dawa ya chunusi kali, vumilia maswali yetu

Wengi wanaofika kwenye duka letu la dawa na chunusi kali huanza kuongea huku kiganja kimefunika shavu. Wameshasugua, wameshapaka, wameshakamua. Kijana mmoja alituambia kwamba kwa miezi kadhaa alilazimika kulala chali, maana shavu likigusa mto tu, usingizi umekwisha. Alikuja kuomba sabuni kali zaidi. Hatukumuuzia. Tulimwambia aende kwa daktari wa ngozi wiki hiyohiyo.

Chunusi za namna yake haziko juu ya ngozi. Ni manundu yaliyojichimbia chini, yanauma, yanakaa wiki nzima au zaidi bila kutoa kichwa, na yakinywea yanaacha shimo au kovu nene. Ndiyo maana hatupendi kumsikia mzazi akimwambia mtoto wake, “Ni ujana, zitaisha.” Huenda zikaisha kweli, lakini kovu litabaki, na kovu ni gumu kulitibu kuliko chunusi yenyewe.

Tuseme pia, kwa sababu watu wanaumizwa sana na hili: si uchafu. Homoni huchochea tezi za mafuta, seli zilizokufa zinaziba kitundu cha unyweleo, bakteria wanaoishi humo kwa kawaida wanazaliana, kisha mwili unajibu kwa kuvimba. Kila dawa hushika sehemu mojawapo ya mlolongo huo. Ndiyo sababu cheti chako cha daktari kinaweza kuwa na dawa mbili au tatu kwa mpigo, na ukiamua kununua moja tu, umeacha mlango wazi.

Dawa ya kupaka utakayoiona mara nyingi ni jamii ya retinoidi, kama tretinoini au adapaleni. Inazuia vitundu visizibe. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, ngozi ikiwa kavu. Wiki za mwanzo uso huwasha, hubanduka, na wakati mwingine chunusi huonekana kuongezeka. Hapa ndipo tunapowapoteza watu wengi. Wiki ya tatu mtu anarudi amekasirika, anataka abadilishiwe, ilhali dawa hizi hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12. Kama inakuchoma sana, paka usiku mmoja, ruka mmoja, na usikose mafuta ya kulainisha na kinga ya jua. Usiitupe kabla hujatuuliza. Mjamzito asiitumie.

Benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya kupaka, huua bakteria, nao hawaizoei. Itapausha foronya na taulo zako za rangi, kwa hiyo tumia nyeupe.

Ngozi ikiwa imevimba sana, daktari huongeza antibiotiki ya kumeza, mara nyingi doksisaiklini. Imeze kwa glasi nzima ya maji na ubaki umekaa au umesimama walau nusu saa. Kidonge kikinasa kooni huchoma vibaya, na waliopatwa na hilo hawalisahau. Jua nalo litakuunguza haraka kuliko ulivyozoea. Haimfai mjamzito wala mtoto mdogo. Kwa kawaida haizidi miezi 3 au 4, na haitakiwi kutumika peke yake bila dawa ya kupaka, kwa sababu bakteria wataizoea. Tunapokataa kukuuzia dozi nyingine bila cheti, sababu ni hiyo.

Kwa wanawake ambao chunusi hupanda kila hedhi ikikaribia na hujazana kwenye kidevu na taya, daktari anaweza kuchagua vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, au spironolaktoni, kidonge kinachozuia homoni zinazochochea chunusi. Hii ya pili haitumiki kwenye ujauzito.

Na sasa isotretinoini, ile kapsuli ambayo kila mtu ameisikia. Marekani iliiruhusu mwaka 1982, na mpaka leo ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote kwa chunusi zinazoacha makovu, kwa sababu inasinyaza tezi za mafuta zenyewe. Wengi humaliza dozi moja wakakaa miaka bila chunusi kali. Daktari hupiga hesabu kwa uzito wako. Lengo la kawaida ni jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 akilenga 120 anahitaji miligramu 7,200, na akimeza 40 kwa siku, hiyo ni siku 180. Miezi sita. Imeze pamoja na mlo wenye mafuta, la sivyo sehemu kubwa itapita bila kuingia mwilini. Midomo itakauka, karibu kwa kila mtu, na macho na pua pia huweza kukauka.

Ila hii ndiyo dawa tunayoiulizia maswali hadi mtu anachoka nasi. Inasababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kwanza, na hutumia kinga ya uhakika tangu mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kuacha. Damu hupimwa kuangalia ini na mafuta. Haichanganywi na doksisaiklini, kwa sababu zikiwa pamoja zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu, wala na vidonge vya vitamini A. Usichangie damu mpaka mwezi mmoja upite baada ya kuacha dawa. Ukiona huzuni isiyo ya kawaida, mpigie daktari siku hiyohiyo. Na tunakusihi, usimgawie rafiki hata kapsuli moja.

Jambo la mwisho ni krimu za kung’arisha uso zisizo na maelezo ya kilichomo. Nyingi tunazoletewa huwa tunazishuku kuwa na steroidi, ambayo hutuliza uvimbe siku chache, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta chunusi zake yenyewe. Ukija kwetu na cheti, weka kwenye mfuko kila unachopaka na kumeza sasa hivi, hata kichupa kisicho na lebo, tukitazame pamoja kabla dawa mpya haijaanza.