Barua kwa mwanangu aliyeomba ruhusa ya jimnastiki

Mwanangu,

Barua yako mjomba kanipa jana jioni nikiwa bado sokoni Memorial, nikaisomea palepale, wateja wanauliza bei mi hata siwasikii. Hii naichapa kwenye simu, mjomba ataiprinti stesheneri afu akuletee Jumamosi akija Arusha, maana najua simu hapo shuleni hamruhusiwi. Sisi huku Moshi hatujambo, bibi yako Kibosho mguu umepona, anapanda mwenyewe mpaka shambani na anakataa kushikwa mkono. Anakusalimia sana.

Sasa tuje kwenye hilo lako. Unasema mwalimu mpya kaanzisha klabu ya jimnastiki, we umechaguliwa, wanataka mzazi asaini fomu, na likizo kuna kambi Dar. Baba yako alivyosikia akasema sarakasi ni za kuchezea watalii, mwambie asome. Mi sijasema hivo. Toka mdogo unatembea kwa mikono pale uani watoto wote wa Pasua wanakuja kukuangalia, mtu wa namna hiyo ukimkataza atafanyia chooni. Nimeshaamua nasaini. Ila kwanza usome hii mpaka mwisho na usiruke mistari, nakujua.

Mchezo wenyewe unajua naupenda. Si tuliangalia wote Olimpiki ya Paris 2024? Rebeca Andrade wa Brazil alivyochukua dhahabu ya mazoezi ya sakafuni, Simone Biles na Jordan Chiles wa Marekani wakamuinamia pale jukwaani, mabinti weusi watatu juu ya jukwaa moja, haijawahi kutokea kwenye jimnastiki ya Olimpiki, we ukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Tukazima simu tukalala. Sasa yaliyofuata hukuyaona, mi ndo niliendelea kuyasoma, na ndo hayo nataka uyajue kabla hujaanza kunitajia medali.

Chiles mwanzo alipewa alama 13.666, yuko wa tano. Kocha wake akalalamika kwamba kuna mruko mmoja ugumu wake haukuhesabiwa, majaji wakaangalia wakamuongezea 0.1, ikawa 13.766, shaba yake. Pale pembeni kuna binti wa Romania, Ana Bărbosu, ana 13.700, alishachukua bendera anashangilia, anainua macho anaona kwenye ubao kashushwa. Bendera ikamdondoka mkononi. Siku chache baadae Romania wakaenda mahakama ya michezo ile inaitwa CAS, wakasema malalamiko ya Wamarekani yaliandikwa dakika moja na sekunde nne baada ya alama kutoka wakati kanuni inasema dakika moja tu. Sekunde nne mwanangu! Mahakama ikakubali, Chiles akarudishwa 13.666 na akaambiwa aitoe medali. Wamarekani wakasema wana video inaonyesha kocha alisema mapema kabisa, sekunde ya 47, wakakata rufaa Uswisi. Na usidhani yameishia hapo, kulikuwa na Mromania mwingine, Sabrina Maneca-Voinea, na yeye 13.700, huyu alikatwa 0.1 kwa kosa la kukanyaga nje ya mstari, ukiangalia video unaona mguu haukutoka. Hiyo 0.1 wangemuachia shaba ingekuwa yake bila kesi wala nini, lakini hilo la mstari hakuna aliyelilalamikia kwa wakati.

Mabinti watatu, wote wanalia, na hakuna hata mmoja aliyekosea kitu. Hao mahakama wenyewe waliandika kwamba ingekuwa wanaruhusiwa kutumia huruma na usawa tu, wangewapa wote watatu shaba. Yaani mashindano makubwa kuliko yote duniani, hela zote zile, na hakukuwa na utaratibu wa maana wa kuonyesha palepale kwamba dakika imekwisha. Afu waliotukanwa mitandaoni ni nani? Chiles akatukanwa kwa rangi yake, Bărbosu naye akatukanwa. Waliotakiwa kushika saa hakuna hata anayewajua majina.

Na hii tabia haijaanza Paris. Olimpiki ya Sydney 2000, fainali ya wasichana, kile kifaa wanachokirukia kiliwekwa chini sentimita 5 kuliko inavyotakiwa. Sentimita 5 ukiwa unakuja mbio afu unageuka hewani ni kifo kabisa, mabingwa wakawa wanaanguka kama wamelogwa, Svetlana Khorkina wa Urusi alianguka pale, akaenda kwenye vile vyuma viwili vya kuning'inia akili ishavurugika akaanguka tena. Nusu ya watoto walisharuka ndo binti mmoja wa Australia, Allana Slater, akasema jamani hiki kifaa mbona kifupi. Mtoto ndo kaona, watu wazima na vitambulisho vyao shingoni hawajaona. Mashindano hayohayo dhahabu akachukua Andreea Răducan wa Romania, miaka 16, siku chache baadae akanyang'anywa, kwa sababu ana mafua akapewa kidonge na daktari wa timu, kidonge cha kawaida tu cha mafua kumbe kina kitu kilichokatazwa. Kila mtu alikubali kwamba mtoto hakujua. Medali haikurudi. Kwa hiyo dawa yoyote utakayopewa kambini, hata ya kichwa, unauliza jina unaliandika. Usione aibu kuuliza.

Kuhusu alama na wewe uelewe mapema, huu mchezo sio mbio. Simbu wetu, kwenye ubingwa wa dunia wa riadha pale Tokyo 2025, alimshinda Mjerumani marathoni kwa sekunde 0.03, picha ikaonyesha, kwisha habari. Huku ni macho ya mtu, sawasawa na mi nikifungua belo la mitumba napanga hii grade one hii grade two, nikiamka vibaya sweta zuri linaenda rundo la buku. Athens 2004 Yang Tae-young wa Korea Kusini majaji walimpunguzia 0.1 ya ugumu kwa kosa lao wenyewe, akaishia wa tatu, wakaja kukiri walikosea na dhahabu ikabaki kwa Paul Hamm wa Marekani. Baada ya aibu za mwaka ule wakabadilisha kila kitu, ile 10 ya zamani ikafutwa, sasa kuna alama ya ugumu inajumlishwa, na jopo lingine linaanzia 10 linakata makosa yako. Imesaidia kidogo. Kidogo.

Baba yako ukitaka kumlainisha mtajie Filbert Bayi, si unajua anavyompenda, mtu wa Karatu. Montreal 1976 Nadia Comăneci akiwa na miaka 14 alipata 10 kamili, ubao ukaandika 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuonyesha 10, hiyo kila mtu anaijua. Ila Bayi wetu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch 1974, hizo Olimpiki hakwenda, Tanzania iligoma na nchi nyingi za Afrika kwa sababu New Zealand walienda kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Mi sina ugomvi na ile sababu, ilikuwa ya haki. Nakwambia tu kwamba mchezaji ndo anaamka saa kumi na moja kukimbia, wengine ndo wanaamua kama ataenda. Alingoja mpaka Moscow 1980 akapata fedha, tena kwenye mbio za kuruka viunzi na maji.

Hiyo miaka 14 ya Nadia isikupe presha. Toka 1997 lazima msichana awe anatimiza 16 mwaka huo ndo acheze Olimpiki. Na watu wanavodanganya sasa! Huku kwenye mpira wetu wanapunguza umri, kule wanaongeza. China walinyang'anywa shaba ya timu ya Sydney mwaka 2010, miaka kumi baadae, kwa sababu Dong Fangxiao aligundulika alikuwa na 14 tu. Cheti chako cha kuzaliwa cha RITA kiko kabatini kwangu na hakitoki, mtu akikitaka aje aniombe mimi.

Sasa hili linalofuata soma ukiwa peke yako. We ushakuwa mkubwa na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Timu ya Marekani ilikuwa na daktari anaitwa Larry Nassar, mtu wa miaka mingi, anapendwa, anawaletea watoto pipi. Huyo aliwashika watoto wa kike sehemu za siri akisema ni matibabu ya mgongo na nyonga. Wengine mama zao walikuwa ndani ya chumba kilekile, amesimama kwa namna ambayo mama haoni. Hapo ndo nilishindwa kulala. Wapo waliosema toka miaka ya 90, wakaambiwa hamjaelewa, ni tiba. Ilibidi mpaka 2016 gazeti liandike, na Januari 2018 wanawake na wasichana zaidi ya 150 wakasimama mahakamani mmojammoja wakamsema usoni, akafungwa miaka 40 hadi 175. Simone Biles huyu unayemuweka kwenye daftari ni mmoja wa aliowaumiza. Chuo kikuu alichofanya kazi, Michigan State, kililipa dola milioni 500, na hakuna aliyerudishiwa utoto wake.

Kwa hiyo sikiliza. Akitaka kukushika mtu, awe kocha, awe daktari, awe mchungaji, na mwili wako ukasema hapana, unatoka. Hata kama mko katikati ya mazoezi, hata kama atakasirika akutoe timu. Unaenda kwa matroni unaomba simu unanipigia mimi. Siulizi swali hata moja, napanda Kosta nakuja, nauli ya kurudi nitaitafuta hukohuko.

Na la pili ni hilohilo kwa upande wa kuanguka. Olimpiki ya Tokyo, ile ya 2021, Biles aliruka mara moja kwenye fainali ya timu, hewani akapotea, hajui chini ni wapi, akajitoa. Watu walimwita muoga, hata hapa sokoni kuna kaka mmoja alisema kadekezwa. Nilimwambia ungejua Elena Mukhina usingesema. Huyo alikuwa bingwa wa dunia 1978, Msovieti, mguu wake ulivunjika haujapona, wakamrudisha mazoezini kujiandaa na Moscow, mwenyewe anawaambia hii sarakasi nitavunjika shingo, 1980 kule Minsk akavunjika shingo kweli. Alipooza toka shingoni kushuka chini, akaishi hivo mpaka alipofariki 2006. Biles alikaa pembeni, baadae mashindano hayohayo akarudi akapata shaba kwenye ile boriti nyembamba wanayochezea juu yake, na Paris akabeba dhahabu tatu. We nambie nani alikuwa na akili.

Uingereza nao walichunguza wakatoa ripoti 2022, wakakuta watoto wanapimwa uzito kila siku, wananyimwa chakula, wananyimwa hata ruhusa ya kwenda chooni. Mtu akikwambia usile ili uwe mwepesi nitamletea mtori wa bibi yako aujaribu kwanza yeye.

Usifikiri nakutisha ili uache. Kaylia Nemour yule wa Algeria alifanyiwa upasuaji wa magoti, Ufaransa alikozaliwa wakavutana kuhusu daktari na ruhusa mpaka akaamua kuchezea nchi ya baba yake, na Paris akachukua dhahabu ya vyuma kwa 15.700, medali ya kwanza ya jimnastiki kwa Afrika nzima. Inawezekana. Mi naangalia tu nani anasimama pembeni yako inapowezekana.

Fomu iko kwenye bahasha hii, sehemu yangu nimesaini, ya baba yako iko wazi, ameshaanza kulainika lakini anasema hasaini mpaka aone magodoro mnayoangukia kwa macho yake, kama mnaangukia zege na mkeka basi hapana, na hapo mi niko upande wake. Kuhusu kambi ya Dar nataka kujua nani mwanamke mzima anaenda na nyie na mnalala wapi, mwalimu aandike kwenye karatasi na namba ya simu. Kwenye belo la juzi nimepata zile nguo za jimnastiki mbili, moja ya bluu ina vimeta mkono mmoja umefumuka nimeshaushona, nyingine kubwa kidogo utakua nayo. Nimeweka na elfu 20, ya sabuni na pedi, sio ya chipsi. Jumapili ya visiting tutakuja wote wawili, mwambie mwalimu atungoje saa nne, baba yako ana maswali mengi na mengine atauliza mara mbili, umvumilie.

Mama yako