Mwanangu, kabla hujajaza hiyo fomu ya ubobezi

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, kumbe umemaliza intanshipu na unataka upasuaji wa masikio, pua na koo kama mama yako, nimefurahi mpaka machozi. Umeuliza itachukua muda gani. Miaka minne au mitano hivi, inategemea na nchi, na ukitaka kubobea zaidi kwenye sikio au saratani za shingo unaongeza mmoja au miwili. Itapita tu. Mimi nataka tuongelee mkono.

Nyuma ya sikio kuna mfupa mgumu ambao utauchonga kwa drili huku unaangalia kwenye hadubini, na humo ndani unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso, ukiukata mgonjwa anaamka mdomo umepinda upande mmoja na jicho halifungi. Ndo maana nilikaa maabara jioni nyingi sana nachonga mifupa ya maiti, maji yanatiririka muda wote kupoza maana hata joto la drili peke yake linaunguza ule mshipa. Usione uvivu kwenda huko, hata wenzako wakiwa tieta wanashika visu na wewe unajiona umeachwa nyuma.

Ukishazoea ndo utafika kwenye kikuku, mfupa wa ndani ya sikio, mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake kama milimita 3. Kuna watu kinaganda hakitikisiki tena, sauti haipiti. Mwaka 1956 John Shea huko Marekani alikitoa akaweka kipande cha bandia na mgonjwa akasikia, na sisi mpaka leo tunafuata wazo hilo hilo, kazi yote unaifanya ndani ya tundu la sikio ukiwa umebana pumzi. Hakuna kazi naipenda kama hiyo.

Sasa kitu ambacho sijawahi kukuambia. Nikiwa mwaka wa pili wa ubobezi nilimtoa mtoto tonsesi, upasuaji ukaenda vizuri, mama yake akaniuliza kuna cha kuogopa nyumbani, nikamjibu hapana maana nilikuwa na haraka. Siku ya saba usiku mtoto akarudishwa anatapika damu, kumbe kidonda kilibanduka utando na alikuwa anaimeza tu damu kimya kimya. Tulimrudisha tieta akapona, lakini yule mama alivyoniangalia mpaka leo naona. Tangu siku hiyo nakaa chini na kila mzazi, namwambia wiki mbili za kwanza akimwona mtoto amelala huku anameza meza mate mfululizo amulike kooni na amlete hata kama ni saa nane usiku.

Ukipata likizo njoo, nitaomba maabara tuwekewe mfupa mmoja na drili, uchonge wewe mimi nikae pembeni niangalie.

Mama yako