Homa ya ini C: msimtibu teja peke yake

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Juzi tumempoteza jirani yetu hapa mtaani kwa ini, alikuwa anajidunga unga zamani, basi watu wanasema tu "unga umemmaliza". Hapana jamani, ni virusi vya homa ya ini C, na hivyo havina chanjo ila vidonge vya wiki 12 vinaponya zaidi ya asilimia 95.

Sasa shida ni hii, unamponya mmoja halafu anarudi maskani kwa wenzake walewale watatu wanne, bomba moja, kijiko kimoja, maji ya kikopo kimoja, anaambukizwa tena, maana kupona hakukupi kinga. Melbourne kule Australia watafiti walichora nani anajidunga na nani, wakapiga hesabu kwenye kompyuta wakaona ukimtibu mtu pamoja na marafiki zake unapunguza maambukizi zaidi kuliko kuokota watu hovyohovyo.

Sisi methadone, ile dawa ya kuwasaidia mateja kuacha unga, tunatoa Muhimbili tangu 2011, wanakuja kila siku kunywa dozi, wahudumu, si mwaulize tu unajidunga na nani, bila polisi karibu lakini, muwapime wote kwa mkupuo?

Msomaji, Dar es Salaam