Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2019

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana, assalamu alaykum na hamjambo nyote.

Katiba yetu yanitaka nieleze shughuli za mwaka mzima, nami nitazieleza. Lakini kila aliyeketi humu ajua kwamba mwaka huu ulikuwa na jambo moja lililoyafunika mengine: Toronto Raptors, timu ya mpira wa vikapu ya Kanada, wametwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya mchezo huo kule Marekani. Ni mara yao ya kwanza tangu timu ianzishwe mwaka 1995, na hakuna timu ya nje ya Marekani iliyowahi kulibeba kombe hilo kabla yao. Niruhusuni nianzie hapo.

Sisi mashabiki wao tumetoka mbali. Mara tatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, tulitolewa na Cleveland ya LeBron James, tukachekwa mpaka tukazoea. Ndipo rais wa timu, Masai Ujiri, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake ni Mkenya mwenzetu, alipoamua kubomoa na kujenga upya. Alimwachisha kazi kocha Dwane Casey, mwaka ule ule Casey alipotajwa kocha bora wa ligi, akamkabidhi timu Nick Nurse, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu katika NBA. Kisha Julai 2018 akamtoa DeMar DeRozan, aliyekaa Toronto miaka tisa na kupendwa kama mtoto wa nyumbani, ili ampate Kawhi Leonard. Kawhi alikuwa amecheza mechi tisa tu msimu uliotangulia kwa sababu ya jeraha. Mnakumbuka mabishano yaliyozuka humu. Kwangu mimi, kombe lilianza kupatikana siku ile, kwa sababu kumuuza umpendaye ni kazi ngumu kuliko kumnunua yeyote.

Katika mchujo wa ubingwa, timu mbili hupambana mpaka mmoja ashinde michezo minne, na Mungu akapenda mchuano wetu na Philadelphia uangukie Ramadhani. Mchezo wa saba, ndio wa mwisho, ulimalizika kwetu usiku wa kuamkia 13 Mei, watu wako kwenye daku. Ilikuwa 90 kwa 90. Kawhi akaurusha mpira kutoka pembeni kabisa, kengele ikalia mpira ungali hewani, ukagonga ringi mara nne, ndipo ukatumbukia. Kabla ya hapo hapakuwahi kutokea mchezo wa saba katika NBA ulioamuliwa na mtupo wa kengele. Nyumba kadhaa za mtaa wa Kibokoni ziliamshwa na kelele zetu, na kwa hilo nimekwisha kuwaomba radhi majirani kwa niaba ya chama.

Dhidi ya Milwaukee tulianza nyuma 2–0, tukashinda minne mfululizo. Fainali na Golden State ikafunguliwa na Pascal Siakam: pointi 32, mitupo 17, kumi na nne ikiingia. Huyu ni kijana wa Douala, Kamerun. Wazazi walimpeleka seminari akiwa mdogo, na mpira wa vikapu hakuushika kwa dhati mpaka alipofika kambi ya Luc Mbah a Moute, ana miaka 17 hivi. Mwaka 2016, timu za NBA zilipochagua vijana wapya kwa zamu, alichaguliwa wa 27. Mwaka huu ametajwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote. Pamoja naye alikuwako Serge Ibaka wa Brazzaville. Naye Fred VanVleet, ambaye hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuo, aliingia kutoka benchi katika mchezo wa sita na kufunga pointi 22.

Wapo wenzetu wasemao kwamba tulipewa ubingwa na majeraha ya Kevin Durant na Klay Thompson, nyota wa Golden State. Wasikilizwe kwa heshima, maana majeraha yale yalikuwa mazito kweli. Lakini Durant aliporudi uwanjani katika mchezo wa tano, sisi tulikuwa tunaongoza 3–1. Na michezo yote mitatu iliyochezwa Oakland, kwao Golden State, tuliishinda ugenini, ukiwamo ule wa mwisho, 114 kwa 110, alfajiri ya 14 Juni. Durant alipoanguka, baadhi ya mashabiki kule Toronto walishangilia, na wachezaji wetu wenyewe wakawaashiria wanyamaze. Humu hakushangilia mtu. Nawashukuru kwa hilo kuliko kwa mchango wowote wa fedha.

Julai Kawhi alihamia Los Angeles Clippers. Nimepokea ombi kwamba picha yake iondolewe ukutani. Nimelikataa. Alitimiza alichojia, na picha itabaki.

Hesabu za fedha mtagawiwa na mweka hazina. Michango mingi imekwenda kwenye malipo ya runinga, kahawa na ukarabati wa ringi ya uwanjani kwetu.

Limebaki jambo moja linalohitaji uamuzi wenu. Kanuni yetu ya mazoezi ya Jumamosi inamkataa kijana aliyepita miaka 14 ikiwa hajawahi kucheza. Kwa kanuni hiyo, Siakam angerudishwa langoni. Napendekeza kifungu hicho kifutwe, na walimu wa mazoezi watengewe saa ya ziada kwa wanaoanza wakubwa. Makatibu watapitisha karatasi za kura mara baada ya sala ya alasiri.