Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitajikita kwenye kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: mafunzo ya walimu kupima tovuti kabla ya kuziingiza darasani.

Tangu zamani semina zetu zilifuata orodha ya maswali. Ukurasa una tarehe? Mwandishi ametajwa? Anwani inaishia na .org? Orodha hiyo tumeiweka kando, na ningependa kila tawi lielewe sababu. Anayekusudia kupotosha hakosi kuweka tarehe, jina na nembo nzuri. Anwani ya .org naye huipata, kwa kuwa yeyote anayelipia husajiliwa. Kwa miaka mingi martinlutherking.org ilikuwa mikononi mwa Stormfront, wabaguzi wa rangi wa Marekani, ikajitangaza kuwa inawasaidia wanafunzi. Anwani ya .go.tz ni jambo jingine, maana hupewa taasisi za serikali tu.

Sasa tunamfundisha mwalimu kutoka kwanza nje ya ukurasa. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa habari. Wanahistoria, pamoja na usomi wao wote, mara nyingi walibaki kwenye ukurasa uleule, wakahadaika na nembo na jina la tovuti. Wahakiki walifungua mapema vichupo vipya, yaani kurasa nyingine kando ya ile ya kwanza, wakatafuta wengine wanasema nini juu ya tovuti ile, wakafika kwenye jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi.

Semina zetu zilitumia tovuti ya *Octopus paxarbolis*, pweza anayedaiwa kuishi juu ya miti katika jimbo la Washington. Ilitungwa mwaka 1998, ikiwa na picha, jina la kisayansi na wito wa kumwokoa asitoweke. Mwalimu mmoja wa Biolojia aliipima kwa orodha ya zamani, karibu kila swali likapata vema. Kisha akafungua kichupo cha pili, akaandika jina la pweza huyo, na pale pale akasoma kuwa ni mnyama wa kubuni. Ukumbi mzima ulichukua simu kujaribu.

Hata ukurasa wa kweli unaweza usifae. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, lakini notisi nyingi za masomo mtandaoni bado zinafuata muhtasari wa somo wa zamani. Ndiyo maana tunasisitiza mwalimu aanzie Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kisha alinganishe mada kwa mada na muhtasari wa darasa lake.

Kero iliyojirudia kila semina ni bando. Walimu wanajifunza kwa simu zao na kwa pesa zao, na hilo si haki. Kamati inaomba mkutano huu uridhie sehemu ya ada za mwaka ujao itengwe kwa bando za semina za matawi, tukianza na matawi ya vijijini. Wawezeshaji tunao: waliofuzu mwaka huu wamekubali kwenda.

Mwenyekiti