Hesabu za Ureno na talaka za Langoni: barua kwa vijana wa barazani

Kwa wanangu na wajukuu zangu, vijana mnaokaa barazani baada ya Isha hapa Langoni, mjini Lamu, pamoja na wenzenu wa Mkomani na Shela mnaojijua.

Asalamu alaikum.

Baraza mnalokaa liko chini ya dirisha langu. Sina haja ya kudukiza. Nyumba zetu zimebanana na nyinyi hamjui kusema polepole. Juzi mlikuwa mkipitishiana simu, mnatazama orodha ya nchi zinazoongoza kwa talaka duniani. Ureno juu kabisa, asilimia 90 na ushei. India mwisho, asilimia 1. Mkacheka mpaka paka wakatawanyika. Mmoja akasema Wazungu wamekwisha. Mwingine akajibu alhamdulillahi, sisi dini yetu imetuhifadhi. Huyo aliyehifadhiwa na dini amemwacha mkewe kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na mke mwenyewe anakaa mlango wa tatu kutoka hapo, madirisha wazi kwa joto. Kila kicheko kilimfikia.

Ndipo nikachukua kalamu.

Nimesomesha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu, na baadhi yenu asilimia mlijifunza kwa chaki yangu. Tuanze hapo. Ile namba ya Ureno haisemi kwamba katika kila ndoa mia, tisini huvunjika. Aliyeitengeneza amechukua talaka zilizoandikishwa mwaka mmoja, akazigawanya kwa harusi zilizofungwa mwaka uleule. Na mwaka wenyewe ni 2020, wa korona. Mwaka 2019 Wareno walifunga harusi zaidi ya 33,000; mwaka uliofuata, watu walipozuiwa kukusanyika, hazikufika 19,000. Talaka, ambazo hazihitaji ukumbi wala pilau, zilikuwa kama 17,300. Gawanyeni. Namba inaruka juu ya 90 na hali nyumba za Wareno ni zilezile za jana. Tena wengi wa walioachana mwaka huo walikuwa wameoana miaka kumi, miaka ishirini nyuma, si wale wa harusi za 2020. Mtoto wa darasa la sita angeuliza: mia hiyo ni mia ya nini? Hakuna kati yenu aliyeuliza.

India nayo mliisifu sana. Talaka kule ni chache kweli. Lakini sensa yao ya mwaka 2011 ilikuta waliotengana bila talaka ni wengi kuliko waliopewa talaka, tena kwa mbali. Mke karudi kwao, au katelekezwa, na karatasi bado inamwita mke wa mtu. Ufilipino mpaka leo Mkristo hana talaka ya sheria, ila Waislamu wa huko wameruhusiwa tangu 1977. Mnadhani Wakristo wa Manila hawagombani? Ireland iliruhusu talaka kwa kura ya maoni ya mwaka 1995, na waliosema ndiyo waliwashinda wenzao kwa kura kama 9,000 tu katika zaidi ya milioni 1.6. Uchina waliona talaka zinawazidi, wakatunga sheria kwamba kuanzia Januari 2021 anayetaka kuandikisha talaka angoje siku 30 kwanza. Zikashuka kutoka kama milioni 3.7 mwaka 2020 hadi kama milioni 2.1 mwaka uliofuata. Kufikia 2023 zilishaanza kupanda tena. Na Marekani mnayopenda kuisema imeshuka: mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na talaka zaidi ya 5 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, mwaka 2022 ilikuwa 2.4. Sababu moja ni kwamba wanaoana wakiwa watu wazima. Sababu ya pili ni kwamba wengi hawaoani kabisa, wanakaa kinyumba, na wakiachana hapana anayewahesabu.

Mkitaka nchi ya kujipima nayo, acheni Ureno. Tazameni Malaysia, Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama sisi. Katika miaka ya 1950, kwenye majimbo ya Kelantan na Terengganu, zaidi ya nusu ya ndoa ziliishia kwa talaka. Hapakuwa na simu, hapakuwa na filamu za Kizungu za kumpotosha mtu. Mabinti waliozwa wadogo, kwa waume waliochaguliwa na wazee, na mume aliacha kwa neno moja akashuka ngazi. Kisha mabinti wakaenda shule, wakaolewa wakubwa, wakawataka wenyewe waume zao, na sheria ikaanza kumbana mwenye kuacha ovyo. Talaka zikaporomoka. Nawaambia hili kwa sababu kila nikisikia mzee akisema ndoa zimeharibika tangu wasichana wasome, hutamani nimpe nauli ya kwenda Kelantan.

Indonesia, yenye Waislamu wengi kuliko nchi yoyote, iliamua kwa sheria ya mwaka 1974 kwamba talaka haiwi talaka mpaka ipite mahakamani. Baadaye kule zilipanda tena, zikapita 500,000 mwaka 2022, na takriban robo tatu ziliombwa na wake. Hilo lisiwashangaze. Uingereza pia kwa miaka mingi waombaji wengi wamekuwa wake. Mwanamke akiwa na pa kusimama, husema limetosha.

Sasa nije kwetu, kwa jambo linaloniuma.

Binti ninayemzungumzia jina lake halitaingia hapa, na msianze kukisia. Mumewe alikuwa akifanya kazi Mombasa. Usiku mmoja waligombana kwa simu juu ya karo ya mtoto, na asubuhi ukaingia ujumbe wa sauti: nimekuacha, rudi kwenu. Akausikia yeye, akausikia shangazi yake. Kabla siku mbili hazijapita, yule bwana akaufuta, kwenye simu yake na kwenye simu ya mke. Hakuandika barua, hakuita shahidi, hakwenda kwa kadhi. Binti akabeba watoto wawili akaenda kwa mama yake, akakaa eda bila kuletewa hata kibaba cha unga. Mwaka ukapita. Ikaja posa nzuri kutoka Faza, mtu wa heshima, mjane mwenye watoto wake. Wazee walipokwenda kuuliza, bwana akasema: mimi sijamwacha, huyo ni mke wangu.

Mnaona? Si mke, kwa sababu hapewi chakula wala nyumba. Si mtalaka, kwa sababu hana cheti. Hata eda yake haina tarehe ya kuanzia. Tulipofika kwa kadhi nilikwenda naye mimi, na kadhi aliuliza anachopaswa kuuliza: ushahidi uko wapi? Shangazi ni mmoja. Sauti haipo. Ikabidi binti aanze upya kuomba faskhi, yaani kadhi aivunje ndoa, kwa kukosa matumizi, apeleke mashahidi wa njaa yake mwenyewe, huku posa ya Faza ikichoka kungoja mpaka ikafa. Nyinyi mlipocheka Ureno, mwenzenu huyo alikuwa katikati yenu akicheka kuliko wote. Na talaka yake haimo katika hesabu ya nchi yoyote. Ndiyo maana Lamu haimo kwenye ile orodha yenu, wanangu. Talaka isiyoandikwa haina anayeihesabu.

Kama talaka ya simu inasihi au haisihi, mwulizeni kadhi, mimi si mwanachuoni. Ninachojua ni kile tulichofundishwa sote madrasa kabla ya kuota ndevu: ikiwa ni kukaa, kaa kwa wema, ikiwa ni kuachana, mwache kwa wema. Na kabla ya hapo aletwe mtu wa upande wa mume na mtu wa upande wa mke wakae wasuluhishe. Nani kati yenu alileta mtu? Mlileta bando.

Wale wa talaka tatu kwa pumzi moja nao wapo, kisha kesho wanalia mlangoni kwa mwalimu watafutiwe njia ya kurudi. Misri tangu 1929 sheria yao inasema tatu za mara moja zihesabiwe moja. India mahakama ya juu kabisa ilizibatilisha mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kumfunga jela anayezitamka. Mimi siombi jela. Naomba mtu akiwa na hasira aende baharini akaogelee.

Mwajua Mwingereza mnayemcheka hungoja muda gani? Tangu Aprili 2022 haulizwi nani mwenye makosa, lakini akishapeleka ombi hungoja wiki 20, kisha wiki 6 nyingine, ndipo ndoa iishe. Miezi sita! Mola wetu ametupa eda, twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi wa mke, mume na mke chini ya dari moja, mlango wa rejea wazi. Hicho ndicho kingojeo chetu, na kilitutangulia sisi kabla bunge lao halijazaliwa. Nyinyi mnamfukuza mke siku ileile, kisha mnasema dini imetuhifadhi. Dini imewahifadhi, nyinyi hamkuihifadhi.

Sisemi kosa ni lenu peke yenu. Zamani katika mji huu mtu akizaa binti alianza kuwaza mawe na chokaa. Alimjengea nyumba yake, au ghorofa juu ya ya mama yake, na mume ndiye aliyehamia. Ukimwacha mke, wewe ndiye uliyebeba sanduku lako mchana watu wakikuona, na hiyo peke yake ilimfanya mwanamume afikiri mara mbili. Sasa nyumba zile nyingi tumeziuza, Shela ndiyo usiseme, na fedha zimekwisha kwa harusi na mashua za injini. Binti anaolewa chumba cha kupanga kilichoandikwa kwa jina la mume, naye akiachwa anatoka na ndoo na godoro. Wazee waliouza wamekaa msikitini safu ya mbele na wanashangaa kwa nini talaka zimekuwa nyepesi.

Na sisi akina mama. Tunakopa kwenye vyama ili vugo, ngoma yetu ya harusi, lichezwe usiku mzima, bibi arusi aonyeshwe kwa nguo tatu, picha zizagae. Kisha tukiulizwa cheti cha ndoa kiko wapi, tunatazamana. Mahari yenyewe imetajwa kwa sauti kubwa na haijalipwa. Tunajua kijana anavuta unga, tunasema ataacha akioa. Anaoa, haachi unga, anaacha mke.

Hasira imenipeleka mbali. Nirudi kwenu kama bibi yenu, maana wengine wenu niliwapokea mlipozaliwa na sipendi mwitwe wahuni na mtu mwingine isipokuwa mimi.

Andikisheni ndoa, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka hivyo kwa dini zote, yetu ikiwemo. Lipeni mahari. Msioze dada zenu kabla hawajamaliza shule. Mkigombana, zimeni simu. Talaka iandikwe, iwe na tarehe na mashahidi. Mke akiomba khului, yaani kujikomboa kwa mali, na amerudisha mlichokubaliana, mpeni talaka yake. Msimfunge kwa inda. Chakula cha eda si sadaka.

La watoto nilitaje kwa urefu kidogo, kwa sababu hapo hata walio bora kati yenu huteleza. Mkiachana na mama, mtoto hajaachwa. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulelewa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Dini ilikwisha kusema kwamba matumizi ni juu ya baba. Lakini nitembee nyumba hizi za kwetu, nitakuta nyanya wa miaka 70 anakaanga mahamri alfajiri auze, apate nauli na vitabu vya wajukuu, na baba yao anapita njiani na viatu vipya. Akimwona mtoto humpa shilingi ishirini ya peremende. Mwanangu, yule mtoto anajua hesabu. Nilimsomesha dada yake.

Wapo kati yenu ambao mpaka leo hawajaandikisha talaka walizotoa, na nawajua kwa majina. Mahakama ya Kadhi ipo hapahapa mjini, hamvuki maji. Nendeni na mashahidi wawili na kitambulisho, semeni siku mliyotamka na maneno mliyotamka, mke apate karatasi yake. Mwenye kuona haya kwenda peke yake aje anigongee mlango asubuhi, baada ya chai. Nitafuatana naye, na maneno nitasema mimi.

Bibi yenu,
Langoni, Lamu