Mbwa na paka wahasiwe, risasi ziachwe

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa kazini na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya juzi, ile ya halmashauri kupanga kuwapiga risasi mbwa koko, imenishinda kunyamaza. Mmemhoji ofisa, mmewahoji wananchi waliofurahi, lakini hamkumuuliza hata mtu mmoja mbwa hao wanatoka wapi.

Wanatoka majumbani mwetu. Jike anayelinda geti anazaa sita, wawili wanagawiwa, wanne wanatupwa dampo usiku. Paka ndiyo usiseme. Akiwa na miezi mitano anaweza kushika mimba, anaibeba miezi miwili na siku chache, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha.

Masika ya mwaka jana nilifungua mlango alfajiri nikakuta kiroba cha unga kimefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na vitoto vitano vya paka, macho hayajafunguka, kimoja kitovu bado kinaning'inia. Vitatu vilikuwa vimeshakufa kwa baridi. Mama yao nilimjua, ni paka wa jirani, na siku ile nzima alizunguka juu ya ukuta wangu akilia mpaka nilipomwekea wale wawili chini ya kabati la jikoni. Nilipomfuata jirani hakukana. Aliniambia, "Dada, ningefanyaje? Sijamaliza kugawa hawa, kashazaa wengine." Nilikwenda kwake na hasira, nikarudi sina la kumjibu.

Nikaenda kuulizia kwa mtaalamu wa mifugo. Akasema, "Mama, chanjo ya kideri ipo, dawa ya minyoo ya mbuzi ipo. Paka mwache, ndivyo alivyoumbwa." Maneno hayohayo nayasikia mtaani, kwamba kuhasi ni kuingilia kazi ya Mungu. Maksai wanaovuta majembe mashambani walizaliwa maksai? Beberu tunayemnenepesha kwa ajili ya harusi anahasiwa na hakuna anayeuliza. Madrasa tulifundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani bila chakula hadi akafa. Kile kiroba cha unga kilifungwa kwa nia gani nyingine? Na sheria ya ustawi wa wanyama tunayo tangu mwaka 2008, lakini mtu anatupa kiroba mlangoni mwa mwenzake na kwenda zake kazini.

Hatimaye nilimpata daktari kijana wa mifugo, akaja na bodaboda. Alimpiga yule paka mama nusu kaputi, akamlaza juu ya meza yangu ya kupigia pasi, akamnyoa tumbo, na kabla chai yangu haijapoa alikuwa anashona. Jeraha lenyewe halikufika urefu wa kidole gumba. Nilikata mkono wa fulana ya mwanangu, nikautoboa matundu manne ya miguu, nikamvika asilambe nyuzi. Siku ya pili alikula dagaa. Mpaka leo hajazaa, na jirani yangu hajafunga kiroba kingine.

Mnasema risasi ni kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Kichaa kinazuiwa kwa chanjo, na wataalamu wanataka mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Anayepita na bunduki anaua pamoja na waliokwisha kuchanjwa, na nafasi yao inajazwa na watoto ambao hawajaona sindano. Mbwa aliyehasiwa na kuchanjwa anabaki mtaani kwake, haongezi watoto wapya, wala kundi la madume halimfuati likipigana mbele ya watoto wa shule. Bhutan, nchi ya milimani isiyo tajiri, ilitangaza mwaka 2023 kwamba imewahasi mbwa wake wote wa mitaani.

Na taka je? Fedha ya taka tunatozwa kila mwezi, stakabadhi ninazo, lakini gari linapita likijisikia. Utumbo wa samaki na mabaki ya mama ntilie yanalala barabarani siku tatu, halafu tunashangaa mbwa wanakusanyika hapo! Andikeni na hilo.

Ninachotaka ni hiki. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, watu huleta mbwa wao kuchanjwa. Siku hiyohiyo kila kata iwe na darasa moja la shule, meza mbili, madaktari wawili, ndoo za maji ya moto na mashuka ya kuwalazia wanaozinduka. Kwanza wahasiwe majike. Paka wa mtaani akatwe ncha ya sikio la kushoto akiwa bado kwenye usingizi, ili mwakani asikamatwe tena bure. Mwenye mbwa achangie kidogo, asiye nacho asirudishwe. Risasi nazo zinanunuliwa kwa fedha, na fedha hiyo ianzie hapo.

Darasa likikosekana mtaani kwetu, meza yangu ya kupigia pasi ipo, na maji nitachemsha mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga